Namba Niliyoigawa Mara ya Pili

Daftari lilikuwa la jalada gumu, na nesi alilifunga ndani ya kipande cha kanga kabla ya kulitia kabatini na kugeuza ufunguo. Mimi ndiye niliyemshawishi aache kulitumia. Naanza hapo kwa sababu kila nikijaribu kuanza mahali pengine, labda siku mashine zilipofika, au siku nilipoijua kazi yenyewe, najikuta naandika utetezi.

Nilikuwa mtunza masjala wa hospitali ya kanisa iliyo juu ya mji wa Moshi, upande wa Uru. Jumapili nilikuwa katekista. Miaka ile kahawa ilikuwa imeshuka bei, majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na akina mama wengi waliingia katika biashara ya maziwa. Vitu vya kila namna vilikuwa vinaingia nchini, na kwetu ziliingia kompyuta tisa zilizokwisha kutumika, zawadi ya marafiki wa parokia walioko ng'ambo. Pamoja nazo alikuja fundi mstaafu, mzee kama mimi, akakaa nasi miezi mitatu. Swali lake la kwanza lilikuwa: nani anatunza mafaili ya karatasi? Wakanionyesha. Akasema basi huyo ndiye atakayetunza na haya mengine.

Nilikuwa nimepita umri wa miaka hamsini. Nilikuwa na darasa la nane la zamani na miaka miwili ya chuo cha makatekista. Namshukuru Mungu kwa yule mzee, maana hakunicheka hata siku moja. Alinifundisha kama nilivyowafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, jambo moja, kisha kulirudia, kisha kulirudia tena.

Mashine moja ilikaa chumbani kwangu. Tuliiita seva. Ilitumia mfumo wa jamii ya Unix, skrini nyeusi na maandishi meupe, bila picha, na kila kitu unakiomba kwa kuandika amri. Ilikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka mafaili ya watu wote na kuyaazima mashine nyingine kupitia nyaya, hata mtu akikaa maabara au wodini ayaone kama yapo palepale alipo. Ya pili ilikuwa kutunza orodha ya majina. Mashine zile nane hazikumjua mtu yeyote. Nesi akikaa mbele ya mojawapo na kuandika jina lake na neno lake la siri, mashine iliiuliza seva: huyu tunamfahamu? Nayo seva ilijibu: tunamfahamu, na namba yake ni hii.

Siku tuliyofanikiwa, mganga mkuu aliandika barua ofisini, akainuka bila kuichukua, akashuka hadi leba, akakaa kwenye mashine ya huko. Nilimfuata nyuma nikiwa na rozari mfukoni.

"Mzee," akasema, "barua yangu imenifuata hadi leba."

"Imekutangulia, daktari. Ilikuwa inakusubiri."

"Sasa mtanikosesha kisingizio. Zamani nilisema barua imebaki ofisini."

Wakunga walicheka. Nilirudi chumbani nikapiga magoti. Furaha ile ilikuwa ya kweli, wala siikani mpaka leo.

Kila mfanyakazi alikuwa na folda yake ndani ya seva, na mwenye folda angeweza kuifunga asiingie mwingine. Hapo ndipo nilipomwendea nesi wa ushauri nasaha. Alikuwa mwanamke wa Rombo, wa miaka arobaini hivi, mnyamavu. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu kabla na baada ya kupimwa ule ugonjwa, wakati ule ambao kupimwa kwenyewe kulihitaji moyo, na dawa zilikuwa bado hazijatufikia. Katika daftari lake aliandika jina la kila aliyekuja, majibu yake, na siku ya kurudi.

"Daftari hili panya watalila," nikamwambia. "Au litaibwa na kanga yake."

"Panya hawajui kusoma, baba."

"Kwenye kompyuta ukifunga, wewe peke yako ndiye utakayefungua."

"Na wewe?"

"Mimi nina ufunguo wa mlinzi. Lakini mlinzi haingii vyumbani mwa watu."

Akaugeuza ufunguo wa kabati kiganjani. Kisha akasema, "Kama ni wewe unasema, sawa." Kwa wiki mbili alibaki baada ya kazi akiandika jina moja moja kwa vidole viwili, na alipomaliza akalichoma daftari kwenye tanuri la taka za hospitali, mimi nikiwa nimesimama kando yake.

Sasa nieleze kosa. Yule fundi, kabla hajaondoka, aliniandikisha jambo moja na kunikazia: mfanyakazi akiondoka, mwondoe kwenye orodha, lakini namba yake usimpe mwingine. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mashine haitunzi majina juu ya mafaili, inatunza namba. Jina ni kwa ajili yetu tu, macho ya binadamu yapate kusoma. Nililiandika, na moyoni nikaliona ni ubadhirifu wa watu wenye vitu vingi. Sisi tumekulia mahali ambapo ganda la ndizi ni chakula cha ng'ombe na samadi yake ni chakula cha mgomba. Tumefundishwa kwamba kihamba, shamba la ukoo, hakikai bila mtu. Baba akifa, mtoto anaingia, moto unawashwa. Na pale masjala nilikuwa na visanduku vya barua vyenye namba, kila mfanyakazi na chake. Akiondoka mtu, nilibandika jina jipya juu ya la zamani. Kwa miaka ishirini hakuna barua iliyopotea.

Nesi alikwenda masomoni miezi minane. Nilimwondoa kwenye orodha kama nilivyofundishwa, nikaiacha folda yake palepale bila kugusa faili hata moja, nikajiona mwangalifu. Namba yake ilikuwa mia tano na saba. Mwezi uliofuata aliajiriwa karani wa stoo, baba wa watoto watatu, mtu wa kijiji chetu. Nilipomwandikisha niliona mia tano na saba iko wazi. Nikampa.

Nadhani mnaona kilichotokea, ila mimi sikukiona. Kwa macho ya seva, karani alikuwa ndiye yule mia tano na saba. Folda iliyofungwa ili mia tano na saba peke yake aifungue, ilimfungukia.

Mama mmoja alikuwa akituletea maziwa hospitali kila asubuhi, mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye ng'ombe wawili wa ndani. Maziwa yake yalikuwa mazito, na jikoni waliyagombea. Karibu na Pasaka wapishi wakaanza kusema wamepata mwingine. Kisha nikaona jirani zake nao wamebadilisha njia. Alipita na ndoo yake ikiwa imejaa, akirudi kwake. Nilisikia maneno getini, nikayapuuza kama umbea. Jina lake lilikuwa kwenye daftari lililochomwa, lakini mimi sikujua, maana kweli sikuwahi kufungua.

Nesi aliporudi, alikuja chumbani kwangu siku ya kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu tena."

"Nimekutana na mama wa maziwa pale darajani. Nimemsalimu, akatema mate chini. Kuna nini?"

Nilimwambia sijui, na kwa saa ile ilikuwa kweli. Nikamrudisha kwenye orodha. Kwa kuwa namba yake ya zamani ilikuwa na mtu, nilimpa mpya, mia tano thelathini na moja. Akakaa palepale kwangu, akaandika neno la siri, akajaribu kufungua folda yake. Seva ikakataa: hana ruhusa.

"Imenisahau," akasema, akitabasamu.

Niliandika amri ya kuorodhesha folda na wenyewe. Katika mstari wa folda yake, mahali pa mwenye mali, lilisomeka jina la karani wa stoo.

Nakumbuka mfereji ulisikika nje, maana ilikuwa zamu ya upande wetu kupata maji. Nilielewa kila kitu kwa mara moja: yule fundi na onyo lake, ndoo iliyojaa, mate darajani. Kisha mikono yangu ikaandika amri nyingine, ile ya kubadili mwenye mafaili, kutoka karani kwenda kwa nesi, folda na vyote vilivyomo. Mstari mmoja. Nikabonyeza.

"Jaribu sasa."

Ikafunguka. "Asante, baba," akasema. "Mungu akubariki."

Nikapokea baraka ile.

Mchana nilimfuata karani stoo. Alikuwa anahesabu mablanketi. Sikuhitaji kumuuliza mengi.

"Folda nyingine zote zilinikatalia, mzee, ile ikakubali," akasema. "Nilidhani nimepewa. Nikaona jina la jirani yetu. Nilimwambia mama yangu tu, ili awe mwangalifu na maziwa ya watoto."

"Mama yako tu."

"Naye akamwambia dada yake." Akaweka blanketi chini. "Mzee, nina watoto watatu. Ukisema, nimekwisha. Na wewe je? Si ndiye uliyenipa hiyo namba?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Sikumjibu, na kutojibu kwangu kukawa mapatano.

Wiki ile mganga mkuu aliitisha kikao, maana maneno yalikuwa yamefika parokiani. Tulikuwa watano mezani na mimi nikiandika muhtasari, kama kawaida yangu. Nesi aliulizwa ni nani mwingine aliyejua majibu ya mama yule. Akasema hakuna, isipokuwa mtu wa maabara aliyeona namba ya chupa bila jina. Akaulizwa kama aliwahi kumwambia mtu huko masomoni, hata kwa mfano tu. Akasema hapana. Mganga mkuu alimheshimu, nilimwona anatafuta mlango wa kumtolea. Akanigeukia.

"Mzee, hizi kompyuta. Inawezekana mtu aliingia kwenye folda yake?"

Nikasema, "Folda yake imefungwa, daktari. Nimeikagua mwenyewe wiki hii."

Kila neno lilikuwa kweli. Nimewafundisha watoto amri ya nane kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku ile nilijifunza kwamba mtu anaweza kuivunja bila kusema neno moja la uongo. Kisha nikainamia karatasi nikaandika jibu langu katika muhtasari, kwa mwandiko mzuri.

Hakufukuzwa. Alitolewa kwenye ushauri nasaha akapelekwa kukunja shuka na kufungasha vifaa vya chumba cha upasuaji. Siku moja ya soko, mama wa maziwa alimwita muuza watu mbele ya wanawake wote, naye hakujibu. Watu wakasema: mwenye haki angejibu. Lakini angejibuje? Kujitetea kungekuwa kukiri hadharani kwamba habari yenyewe ni ya kweli. Alikunja shuka mwaka mmoja, kisha akapata nafasi katika zahanati karibu na Mkuu, kwao Rombo, akaondoka. Safari hii namba yake sikumpa mtu.

Mnaweza kuuliza kwa nini nilinyamaza. Nilijiambia mradi utafungwa na mashine zitarudishwa zilikotoka. Nilijiambia karani ana watoto. Nikikuna chini zaidi, nakuta kitu kidogo na cha aibu: watu walikuwa wameanza kuniita mtaalamu. Vijana waliosoma walikuja kutoka mjini kuuliza jinsi nilivyounganisha mashine tisa kwa orodha moja, na mimi, katekista wa darasa la nane, niliwaeleza. Niliogopa kurudi kuwa mzee wa visanduku vya barua.

Kwaresima tatu zilipita. Kila mwaka niliungama dhambi nyingine. Ya tatu nikaisema, kwa padri kijana ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe katekisimu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu, Mungu ni mwenye huruma, wala sitakunyima maondoleo," akasema. "Lakini umeniambia mimi, na mimi sikusingiziwa. Nenda Rombo. Nenda kabla ya Pasaka."

Kwetu, mtu aliyekosa sana huchukua jani la isale akampelekea aliyemkosea, naye aliyekosewa hawezi kumfukuza mlangoni. Zamani wapo mapadri waliotukataza, wakasema ni upagani. Nilikata moja nyuma ya nyumba, nikalikunja ndani ya gazeti, nikaenda.

Nilimkuta zahanati anachemsha sindano. Alikuwa amenenepa kidogo. Alifurahi kuniona, na hilo lilinichoma. Akanikalisha kwenye benchi la wagonjwa, akaniletea chai. Nikalifunua gazeti.

"Baba, isale?" Akacheka. "Umeua mtu?"

"Sikuua. Lakini nilikuzika."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, namba, folda, amri ya mstari mmoja, kikao. Alipoelewa aliacha kucheka. Alilishika lile jani kwa vidole vya mikono yote miwili, akalizungushazungusha.

"Siku ile mikono yako ilitetemeka," akasema. "Nilidhani ni uzee. Nikakuombea."

Akaliweka jani mapajani.

"Miaka mitatu nimekaa nikijichunguza. Nilijiuliza labda nilisema usingizini kule bwenini. Labda nilimtajia padri jina bila kujua. Unajua nilifikia kuamini kwamba ni mimi? Nilimwomba Mungu msamaha kwa jambo hili, baba. Kwa kutaja majina."

Hili sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na njia nzima nilijizoeza kuipokea. Sikujua kwamba ukimya wangu ulikuwa umeingia mpaka katika sala zake.

Baadaye akasema, "Isale nimelipokea. Nani analikataa. Lakini usinitengenezee mimi kwanza. Mama wa maziwa yupo?"

"Yupo. Ameanza kupata dawa, zimefika mjini, anateremka kila mwezi."

"Nenda kwake. Yule alinikabidhi maisha yake, na mpaka leo anaamini nilimuuza. Kazini nilikwisha toka, hilo limepita. Lakini asife akiamini hivyo, wala mimi nisife."

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Mama wa maziwa alikuwa anakatakata mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Hakuliweka panga chini muda wote niliozungumza, aliendelea kukata vipande vyembamba, sawasawa. Nilimweleza mara mbili, maana mara ya kwanza jambo la namba halikumwingia.

"Kwa hiyo nesi hakusema," akasema.

"Hakusema hata neno."

"Na wewe ulijua. Ukiwa unatusomea matangazo kanisani, ulijua."

"Nilijua."

"Nilimtukana sokoni." Panga likasimama. "Alinitazama tu. Nilisema, ona, hana la kusema." Akakaa juu ya lundo la majani. "Wewe, mzee, kukusamehe sijui. Niachie hilo. Jumamosi nipeleke kwake."

Kabla ya Jumamosi nilikwenda kwa mganga mkuu nikampa barua niliyoiandika kwa mkono, na nikamwomba aisome mbele ya wafanyakazi wote nikiwepo. Aliisoma. Karani alikuwa amekwisha kuhamia Arusha, wala sikumtaja. Wachache walitikisa vichwa. Wengi walikuwa wapya na hawakujua ni nesi gani anayezungumziwa. Mpishi mmoja wa zamani aliniambia mlangoni kwamba yeye bado anaamini ni nesi, na kwamba mimi nimejitwisha kosa lake kwa ajili ya huruma. Nikambishia mpaka sauti ikanikauka. Hakubadilika. Nilipewa likizo, kisha nikastaafu, na kijana wa mjini akachukua seva. Nilimwachia onyo la yule fundi limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Jumamosi tulifika Mkuu kabla ya saa sita. Nesi alikuwa uani kwake anaanua nguo. Wale wanawake wawili walitazamana, na aliyeanza kulia si yule niliyemtegemea, alikuwa nesi. Wakaingia ndani. Mimi nilibaki nje kwenye kigoda, maana hakuna aliyenikaribisha, na haikuwa haki nikaribishwe.

Kichaga cha Uru na cha Rombo ni vitu viwili. Niliwasikia wakianza kila mmoja kwa chake, wakakwama, wakahamia Kiswahili, na mama wa maziwa akawa anasema jambo moja kwa namna nyingi: nilikuwa peke yangu, sikuwa na wa kumwambia ila wewe. Nesi alijibu kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia kazini, ambayo hospitali yetu iliikosa tangu alipoondoka. Sikusogea karibu ili nisikie zaidi.

Jua lilikuwa limeinama mama wa maziwa alipotoka. Macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia.

"Wewe tangulia," akaniambia. "Mimi nitalala hapa hadi Jumatatu. Mwambie mwanangu akamue, na ndama asimwachie maziwa yote."

"Nimwambie nesi kwaheri?"

"Mwache," akasema. "Anapika."

Nikachukua kofia yangu nikaenda barabarani.